Bahari Inamhusu Nini Mtoto wa Kolo?

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi mnaosoma ualimu, tuanze na swali ambalo kila aliyepitia Jiografia ameshalijibu: eleza sifa za maji ya bahari. Jibu lipo kichwani kwa kila mtu. Maji ya bahari yana chumvi, wastani wa gramu 35 kwa kila kilo moja. Ni mazito kidogo kuliko maji ya mtoni. Juu yana joto, chini ni ya baridi. Tiki, tiki, tiki, tunahamia swali la pili.

Sasa ongeza kaswali kadogo tu: na sifa hizo zikibadilika, nini kinatokea? Hapo darasa linanyamaza. Kwenye madesa yetu ukurasa huo haupo, au upo na hakuna aliyeusoma kwa sababu hautoki kwenye UE.

Mimi nasema huo ukurasa ndio somo lenyewe. Sifa za maji ya bahari hazijatulia mahali pamoja. Zinabadilika mwaka hadi mwaka, na zikibadilika zinagusa mvua yetu, mazao yetu, hata maji ya kisima huku katikati ya nchi. Mwalimu anayezifundisha kama orodha ya kukariri anamnyima mtoto wa bara kitu kinachomhusu moja kwa moja.

Nasema mtoto wa bara kwa makusudi, kwa sababu kwetu ni Kolo. Kwa asiyepajua, Kolo ipo wilaya ya Kondoa, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, pale unaposhukia kwenda kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kutoka Kolo mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Watoto wengi wa kule hawajawahi kuiona bahari, na wengine watamaliza shule bila kuiona. Ukisimama mbele yao ukasema "leo tunajifunza bahari", unaona kabisa machoni wanajiuliza: sasa hiyo inatuhusu nini? Ni swali halali. Mwalimu asiyeweza kulijibu asiwalaumu wakisinzia.

Wahenga walisema bahari iliko ndiko mito iendako. Nawaheshimu sana wahenga, ila walikuwa watu wa pwani. Mto Bubu, unaopita Kondoa, haujui njia ya baharini. Unateremka kusini mpaka kwenye bonde la Bahi, na safari inaishia hapo. Maji yanatandaa kwenye tindiga, jua la Dodoma linayanyonya, na kile kidogo kilichoyeyuka njiani kutoka kwenye miamba na udongo kinabaki chini. Ndiyo maana maeneo ya Bahi yana udongo wenye chumvi.

Hapo umeshaanza kufundisha bahari bila kupanda basi. Bahari ilipata sehemu kubwa ya chumvi yake kwa njia hiyohiyo: mito inaleta madini kidogo kidogo, jua linachukua maji, madini yanabaki. Mwaka 1715 Mwingereza Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, aliandika kwamba maziwa yasiyo na mto wa kutoa maji huwa na chumvi kwa sababu hii, na bahari ni kama ziwa kubwa la aina hiyo. Aliwaza hata kwamba ukipima chumvi inavyoongezeka unaweza kukadiria umri wa dunia. Hesabu ile haikufika mbali, kwa sababu chumvi nyingine huondoka baharini na kuzama kwenye tabaka za chini. Lakini wazo la mito kubeba chumvi lilikuwa sahihi, na mtoto wa Kolo ana mfano wake ndani ya mkoa wake mwenyewe.

Twende kwenye zile gramu 35. Kwa mwanafunzi hiyo ni namba tu. Mpe ndoo. Ndoo ya lita 20 ya maji ya bahari ina takriban gramu 700 za chumvi, yaani paketi nzima ya nusu kilo na karibu nusu ya paketi ya pili. Mwambie afikirie mama yake akimwaga chumvi yote hiyo kwenye ndoo moja, hatasahau. Halafu mwambie kwamba ndoo hiyo ukiianika juani, chumvi ya mezani haianzi kutuama mpaka maji yapungue yabaki kama lita 2. Ndiyo kazi wanayoifanya wavuna chumvi wa Bagamoyo na Lindi kwenye mabwawa yao. Chumvi iliyoko jikoni kwao huenda imepita huko.

Na uzito wake? Chukua yai. Kwenye maji ya kisima linazama. Weka chumvi kiasi cha bahari, yaani vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, yai zima bichi bado litazama. Endelea kuongeza, mara tatu au nne ya hapo, litainuka lenyewe. Umeshamwonyesha kwamba chumvi huongeza uzito wa maji. Ukimwambia kwamba baharini maji yenye chumvi nyingi na baridi huzama, na yenye chumvi kidogo au joto huelea juu, ataelewa kwa nini mvua kubwa ikinyesha baharini, au Rufiji ikifurika, maji ya juu hubadilika na yale ya chini yakabaki vilevile. Kumbe hata hiyo 35 ni wastani tu. Inapanda pale jua linapokausha sana, inashuka pale mto unapomwaga.

Sasa tuje kwenye sifa ambayo mimi naona ndiyo baba lao: joto. Fanya jaribio moja la bure. Asubuhi weka mabeseni mawili juani, moja la mchanga wa korongoni, jingine la maji. Saa saba mchana ule mchanga hauukanyagi, maji ndiyo kwanza yana uvuguvugu. Usiku mchanga umeshapoa, maji bado yana joto. Maji yanachelewa kupata joto na yanachelewa kulitoa. Bahari ni beseni hilo likifunika zaidi ya theluthi mbili ya uso wa dunia. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo dunia imelipata kutokana na hewa ya ukaa tunayoizalisha limeingia baharini. Tungeishi na hewa ya moto kuliko hii kama si bahari kulibeba hilo joto.

Lakini joto hilo halikai kimya. Maji ya moto hutoa mvuke mwingi, na hewa inayopata joto inaweza kubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Mvuke huo upepo ukiusukuma bara na ukapata nafasi ya kupanda juu na kupoa, unashuka kama mvua. Kwa hiyo tunapouliza bahari yetu ina joto kiasi gani, tunauliza ghala la mvua lina nini ndani.

Bahari ya Hindi ina tabia yake hapa. Miaka mingine maji ya upande wetu wa Afrika Mashariki yanakuwa na joto kuliko kawaida, huku ya upande wa Indonesia yakipoa. Mvua inahamia kwetu, wenzetu wanapata ukame na moto wa misitu. Miaka mingine inageuka. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Japani waliipa hali hii jina la Dipoli ya Bahari ya Hindi. Inaanza kuhesabiwa pale tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili ikiachana na kawaida yake kwa karibu nusu nyuzi tu. Nusu nyuzi! Kwenye chai hata huwezi kuihisi.

Angalia sasa nusu nyuzi na nyuzi moja zinavyoweza kufanya zikitandaa juu ya bahari nzima. Mwaka 1961 upande wetu ulipata joto, mvua za mwisho wa mwaka zikawa za kutisha, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. Mwaka 1997 joto hilo liliungana na El Niño ya Bahari ya Pasifiki, na wazazi wetu mpaka leo wakiona mvua kubwa wanasema "hii ni elinino". Mwaka 2019 ikatokea tena, mafuriko yakaenea Afrika Mashariki. Kinyume chake kilionekana 2016: bahari ikageukia upande mwingine, na mvua za mwisho wa mwaka zikawa haba sehemu nyingi za ukanda huu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi bahari ikipata joto basi Kolo inafurika siku ya pili. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, si vuli na masika kama wenzetu wa pwani na kaskazini. Mvua yetu inategemea pia hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, pepo zinavyokutana, na milima. Athari ya bahari kwetu ina konakona. Anayemwambia mkulima "bahari ina joto, panda mahindi mengi" anamdanganya. Ndiyo sababu tunahitaji watu wanaoelewa zaidi ya orodha.

Kama bado unaona haya ni mambo ya mbali, nenda Makutupora. Ukitoka Dodoma mjini kuelekea Kondoa, eneo hilo liko kaskazini mwa jiji, na visima vyake ndivyo vilivyolinywesha jiji la Dodoma kwa miongo mingi. Wataalamu wa maji wa Tanzania na Uingereza walichukua kumbukumbu za kina cha maji ya visima vile kwa miaka 55 wakazichambua, na mwaka 2013 matokeo yakachapishwa. Walichokikuta ni kwamba ardhi ile haijazwi na mvua ya kila mwaka. Miaka mingi ya mvua ya kawaida, maji chini yanazidi kushuka. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua nzito isiyo ya kawaida, makorongo ya mchanga yanajaa, maji yanapenya, kisima kinapanda kwa kishindo. Msimu wa 1997/98 ni mmoja wapo, na ulikuwa mkubwa kuliko yote. Na misimu hiyo mikubwa inaelekea kuangukia miaka ambayo bahari, ya Pasifiki na ya Hindi, imebadili joto lake.

Soma hiyo tena polepole. Maji unayochota bombani Dodoma, kama yametoka Makutupora, huenda yaliingia ardhini miaka mingi kabla hujafika chuo, kwa mvua ambayo bahari iliyopata joto ilisaidia kuileta. Unapopanga foleni na ndoo siku ya mgao, umesimama mwisho wa habari iliyoanzia baharini. Jiji linakua, serikali imehamia, matumizi yanapanda, na mpango wa bwawa la Farkwa kwenye Mto Bubu umezungumzwa kwa muda mrefu. Maamuzi yote hayo yanahitaji wananchi wanaojua kwamba kisima ni akiba inayojazwa mara chache.

Wenzetu wa pwani wao hawahitaji kuambiwa, wanaona kwa macho. Zanzibar kilimo cha mwani kilianza kushika kasi mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Aina inayolipa vizuri zaidi, wanaoiita kotonii, haivumilii maji ya moto ya ufukweni; imekuwa ikifa kwa magonjwa, na wengine wamelazimika kufikiria kuhamia maji ya kina kirefu, ambako unahitaji chombo na ujue kuogelea. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya ukanda wa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa baada ya maji kupata joto kupita kiasi. Na kuna badiliko jingine lisiloonekana kabisa: bahari inameza hewa ya ukaa, na maji yanasogea upande wa asidi. Kipimo cha pH cha maji ya juu kimeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya viwanda hadi karibu 8.1. Inaonekana ni kidogo, ila kwa jinsi kipimo hicho kinavyohesabiwa, asidi imeongezeka kwa zaidi ya robo. Konokono, chaza na matumbawe wanaojenga magamba yao kwa chokaa wanalipa gharama.

Najua mtaniambia nini. Kwanza, mtihani wa taifa. Mwalimu anapimwa kwa ufaulu, na mtihani unauliza orodha. Sawa, lakini nani alisema mtoto aliyepima chumvi kwa kijiko na kukanyaga mchanga wa moto atashindwa kuandika orodha? Ataiandika vizuri zaidi, na itabaki kichwani baada ya kutoka chumba cha mtihani. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa 2024, unataka umahiri. Tusisubiri semina elekezi ndipo tuamini.

Pili, vifaa hakuna. Nimetaja ndoo, yai, kijiko, beseni, mchanga na jua. Kama kuna shule Kondoa inayokosa jua, niambieni.

Tatu ndiyo pingamizi zito, nalo ni lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi ambaye nyumbani anaongea Kirangi na darasa la saba alilimaliza kwa Kiswahili anakutana na maneno matatu mapya kabla hajakutana na wazo moja. Anakariri neno na kudhani amejifunza kitu. Sera ya lugha siwezi kuibadilisha mimi na wewe kwenye gazeti la serikali ya wanafunzi. Ila hakuna sheria inayomzuia mwalimu kuanza na ndoo na yai, wazo likae, ndipo neno la mtihani lije kama jina la kitu ambacho mtoto ameshakishika.

Kuna jambo jingine kuhusu Kolo ambalo watu wa vitabu hulipita haraka. Kwenye mapango ya Mongomi wa Kolo, pamoja na michoro, wenyeji wameendelea na matambiko, yakiwemo ya kuomba mvua. Mtu anaweza kucheka. Mimi sicheki. Wazee wale walijua jambo ambalo orodha yetu ya sifa imelificha: kwamba mvua ya kwetu inatoka mbali, haiamriwi na mkulima, na jamii inapaswa kukaa pamoja kuizungumzia kabla haijafika. Leo mahali pa kuizungumzia pameongezeka. Kila kabla ya msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wake kwa Kiswahili, na ndani yake kuna maelezo ya hali ya joto la bahari, ya Hindi na ya Pasifiki, kabla ya kufika kwenye mikoa. Mwaka 2023 tahadhari ya El Niño ilitolewa kabla mvua hazijaanza. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu za Katesh, jirani zetu kabisa, na watu zaidi ya 80 wakafa. Bahari peke yake haiporomoshi mlima, na sisemi karatasi ya utabiri ingeokoa kila mtu. Nasema watu wengi tuliopata alama nzuri kwenye "sifa za maji ya bahari" hatukuwa na uwezo wa kumweleza bibi kijijini aya ile ya joto la bahari ina maana gani kwake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, yote ya kufanyika bila bajeti. La kwanza ni kwa wanaokwenda mazoezi ya kufundisha. Ukipangiwa mada hii, anza na mabadiliko, umalizie na orodha. Uliza kwanza mvua ya mwaka jana ilikuwaje, kisha fuata njia ya kurudi mpaka baharini. Kama uko Kondoa tumia Bahi. Kama uko Mwanza una Ziwa Victoria la 1961. Kama uko Paje, waite wakulima wa mwani waje wafundishe wao.

La pili ni kwa serikali yetu ya wanafunzi. Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili ukitoka, tukae jioni moja pale vimbwetani, watu wa Jiografia, Kilimo na Ualimu, tuusome wote sentensi kwa sentensi. Kila mmoja atoke na ujumbe mfupi wa sauti, kwa lugha ya kwao, autume kwenye kundi la familia. Mimi wa kwangu nitautuma kwa Kirangi. Msimu huu mkisikia utabiri umetoka, nitafuteni. Karatasi nitazileta mimi.